Jiometri na Topolojia katika Sayansi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yafuatayo yametoka kwa wanafunzi wa sekondari na wa vyuo hapa Mombasa, na mengine kwa wazazi wanaotaka kujua mtoto anayesomea hisabati atakuja kufanya kazi gani. Pale inapofaa nimetumia mifano ya pwani, kwa kuwa kisiwa chetu, bahari yake na vyombo vya nyumbani mwetu vinatosha kueleza mambo mengi ambayo vitabu huyaeleza kwa mifano ya mbali.

Jiometri na topolojia hutofautianaje?

Jiometri hupima. Inashughulika na urefu, pembe, eneo na mpindo wa nyuso. Topolojia huviacha vipimo hivyo vyote na kuuliza ni kitu gani kinachosalia pale umbo linapovutwa, linapobonyezwa au kupindwa bila kukatwa wala kuunganishwa upya. Bangili, kata ya nguo anayoiweka kichwani mchukuzi wa maji, na sindano ya kushonea kofia ni vitu vitatu mbalimbali kwa anayepima, lakini katika topolojia ni umbo moja, kwa sababu kila kimoja kina tundu moja tu linalopenya upande hadi upande. Kifungo cha shati chenye matundu manne ni umbo jingine kabisa, na chungwa lisilo na tundu ni jingine tena.

Kwa sayansi tofauti hii ina uzito mkubwa. Kipimo hubadilika kidogo kidogo na huwa na kosa lake, ilhali idadi ya matundu haiwezi kuwa moja na robo. Kila tutakapokutana na topolojia katika majibu haya, tutaikuta ikifanya kazi hiyo: kutoa nambari kamili ambayo mtikisiko mdogo hauwezi kuigusa.

Je, ni kweli kwamba topolojia ilianzia kwenye madaraja?

Ndiyo, kwa kiasi kikubwa. Katika mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, palikuwa na madaraja saba, na watu walijiuliza kama inawezekana kuyapita yote, kila moja mara moja tu. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba haiwezekani, na alifanya hivyo bila kupima urefu wa daraja lolote. Alihesabu tu ni madaraja mangapi yanayogusa kila sehemu ya nchi kavu. Sehemu yenye idadi witiri ya madaraja lazima iwe mwanzo au mwisho wa safari, na kwa kuwa safari ina mwanzo mmoja na mwisho mmoja, sehemu za namna hiyo haziwezi kuzidi mbili. Königsberg ilikuwa nazo nne.

Mombasa inafaa kwa zoezi hilohilo. Nyali, Changamwe na Likoni ni bara moja, maana mtu mwenye subira anaweza kuzunguka vichwa vya hori kwa nchi kavu akatoka moja hadi nyingine. Kwa hiyo tuna sehemu mbili tu, yaani kisiwa na bara. Vivuko vya magari tunavihesabu vinne: Daraja la Nyali, Makupa, Kipevu na feri ya Likoni. Nne ni shufwa, basi safari ya kuvipita vyote mara moja moja inawezekana, na msafiri atarudi upande aliouanzia. Tukiongeza daraja linaloelea la Liwatoni, lililojengwa kwa ajili ya watembea kwa miguu, vivuko vinakuwa vitano. Safari bado inawezekana, lakini anayeanzia bara atalala kisiwani.

Jiometri ya tufe inahusianaje na kibla?

Juu ya uso wa tufe, njia fupi kati ya sehemu mbili ni kipande cha duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Kutafuta kibla ni kutafuta mwelekeo wa duara hilo kutoka mahali ulipo hadi Makka, na swali hili ndilo lililowasukuma wataalamu wengi wa Kiislamu kuikuza trigonometria ya tufe. Al-Biruni, kwa mfano, aliikokotoa kibla ya Ghazna, mji ulioko Afghanistan ya leo, kwa njia hiyo karibu na mwaka 1025.

Mombasa imepata bahati ya pekee katika jambo hili. Mji wetu uko karibu longitudo 39.7 Mashariki, na Makka iko karibu 39.8 Mashariki. Miji hii miwili inakaribia kuwa juu ya meridiani moja, na hesabu inatoa kibla ambacho kimepotoka kutoka kaskazini halisi kuelekea mashariki kwa chini ya nusu ya digrii, katika umbali wa kilomita 2,830 hivi. Anayesali New York hana wepesi huo. Ramani ya ukutani humwonyesha Makka ikiwa kusini-mashariki yake, ilhali duara kubwa linamwelekeza kaskazini-mashariki.

Kwa nini hakuna ramani bapa isiyokosea?

Mwaka 1827 Carl Friedrich Gauss alithibitisha kwamba mpindo wa uso ni sifa ya ndani ya uso wenyewe: mdudu anayeishi juu yake anaweza kuugundua kwa kupima masafa tu, hata kama hajawahi kuruka akautazama kutoka juu. Kwa kuwa mpindo wa tufe si sifuri na wa karatasi ni sifuri, hakuna namna ya kuitandaza dunia juu ya karatasi bila kuharibu masafa, kama ambavyo ganda la chungwa halilali mezani bila kupasuka. Mchoraji wa ramani huchagua tu kosa atakaloweza kuishi nalo. Gerardus Mercator, katika ramani yake ya 1569, alizihifadhi pembe kwa faida ya manahodha na akayatoa maeneo kafara. Ndiyo maana Greenland huonekana ikilingana na Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland mara 14 hivi.

Mbona baadhi ya matumbawe yana kingo zenye mikunjo mingi?

Tufe lina mpindo chanya. Uso unaoinuka upande mmoja na kushuka upande wa pili, kama tandiko la punda, una mpindo hasi, na juu yake jumla ya pembe za pembetatu hupungua chini ya digrii 180. Kiumbe kinachokua kwa kasi zaidi ukingoni kuliko katikati hulazimika kupata mpindo hasi, kwa sababu ukingo unakuwa mrefu kuliko nafasi iliyopo na hauna budi kujikunja. Mikunjo ya aina fulani za matumbawe na ya mwani, na hata ya majani ya saladi, hutokana na jiometri hiyo, na kiumbe cha baharini hupata faida ya wazi: eneo kubwa la kunasia chakula na mwanga katika nafasi ndogo.

Je, upepo unaweza kuvuma kila mahali duniani kwa wakati mmoja?

Hauwezi. Kuna nadharia, iliyothibitishwa na L. E. J. Brouwer mwaka 1912, inayosema kwamba mishale iliyolazwa juu ya tufe zima, ikibadilika polepole kutoka nukta hadi nukta, lazima iwe na angalau nukta moja ambapo mshale una urefu wa sifuri. Uwe ni msimu wa kaskazi au wa kusi, kila dakika kuna mahali fulani duniani ambapo upepo wa mlalo umetulia kabisa. Nadharia haisemi ni wapi, na kwa hiyo haimsaidii mvuvi. Inasema tu kwamba mahali hapo hapawezi kukosekana.

Maji kujaa na kupwa yanahusianaje na topolojia, na moyo unaingiaje humo?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu moja linabeba mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Sisi tunayajua maji kwa kusimama ufukweni, tukiyaona yakipanda sana wakati wa bamvua na kidogo wakati wa maji mafu. Katika bahari kuu, hata hivyo, maji hayapandi yote kwa pamoja. Kilele cha maji kujaa huzunguka nukta fulani kama mkono wa saa, kikimaliza mzunguko kwa takriban saa 12 na dakika 25, na kwenye nukta yenyewe maji karibu hayapandi wala hayashuki. Mwaka 1836 William Whewell alitambua, kwa kuzilinganisha saa za maji kujaa katika bandari zinazoizunguka Bahari ya Kaskazini, kwamba nukta ya namna hiyo ilipaswa kuwapo katikati ya maji, na mwaka 1840 kapteni William Hewett alipopima hapo alikuta tofauti ya kina ni ndogo mno.

Hoja yake ni ya topolojia tupu. Chora duara baharini na uifuate huku ukiandika saa ya maji kujaa katika kila nukta. Ukirudi ulipoanzia ukakuta saa zimesonga mzunguko mmoja kamili, basi una nambari: moja. Sasa punguza duara kidogo kidogo. Nambari hiyo haiwezi kushuka polepole kutoka moja hadi sifuri, kwa kuwa ni nambari kamili. Kwa hiyo itabaki moja hata duara likiwa dogo sana, na hilo haliwezekani isipokuwa ndani yake kuna nukta ambayo saa ya maji kujaa haina maana, yaani nukta isiyo na kujaa wala kupwa.

Badala ya bahari weka nyama ya moyo, na badala ya maji weka wimbi la umeme linaloamuru misuli kubana. Arthur Winfree alionyesha kwamba wimbi hilo nalo linaweza kuzunguka nukta isiyo na awamu, yaani isiyo na zamu yake katika mzunguko, kama ile nukta ya bahari isiyo na saa ya maji kujaa. Hapo moyo huacha kupiga kwa mpangilio na kuanza kutetemeka, na mtetemeko wa namna hiyo katika vyumba vya chini vya moyo unaweza kuua kwa dakika chache. Kwa kuwa nambari ya mzunguko haifutiki kwa mabadiliko madogo, hali hiyo haitulizwi kwa kubembelezwa. Daktari hutumia mshtuko mkubwa wa umeme unaoiweka nyama yote ya moyo katika hali moja kwa pamoja.

Mafundo yana kazi gani katika biolojia?

Chembe ya kawaida ya mwili wa binadamu yenye kiini ina DNA ya urefu wa mita 2 hivi, iliyofungashwa ndani ya kiini chenye upana wa sehemu chache tu kwa 1,000 za milimita. DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana, zikizungukana mara moja kwa kila ngazi (viungo vinavyozishikanisha nyuzi hizo) 10 na nusu hivi, jambo linalofanya jumla ya mizunguko takriban milioni 600 katika chembe moja. Chembe inapotaka kugawanyika ni lazima nyuzi hizo zitenganishwe, na mtu yeyote aliyewahi kuvuta ncha za kamba iliyosokotwa anajua kinachotokea: msokoto husukumwa mbele, ukabana, na kamba ikajikunja vipindi vipindi juu yake yenyewe.

Katika bakteria DNA huwa ni pete iliyofungwa, na hapo hesabu inakuwa safi zaidi. Idadi ya mara ambazo nyuzi mbili zimeungana kama mnyororo haibadiliki kamwe bila kukata, na nambari hiyo ni jumla ya viwili: msokoto wa nyuzi zenyewe, na mkunjo wa pete nzima hewani. Kanuni hii ilitokana na kazi za Georges Călugăreanu, James White na Brock Fuller kati ya miaka ya 1959 na 1971. Ukipunguza msokoto, mkunjo huongezeka kwa kiasi kilekile, sawasawa na ile kamba.

Chembe hai hutatua tatizo kwa kukata. Mwaka 1971 James Wang alieleza kimeng'enya cha kwanza cha aina inayoitwa topoisomerasi, ambacho hukata uzi, hupitisha mwingine katikati, kisha huunga upya. Baadaye watafiti walipoona aina ya pili ya vimeng'enya hivi ikibadilisha nambari ya muungano kwa mbili mbili, kamwe si kwa moja, walitambua kwamba inakata nyuzi zote mbili kwa pamoja. Nambari kamili ilikuwa imefichua kitendo ambacho jicho lisingeweza kukiona. Na faida yake iko hata katika duka la dawa: ciprofloxacin huua bakteria kwa kuvizuia vimeng'enya vyao vya aina hiyo.

Inafaa nikumbushe kwamba orodha za kwanza za mafundo hazikuandikwa kwa ajili ya biolojia. Mwaka 1867 Lord Kelvin alidhani atomu ni mafundo katika maji yasiyoonekana yanayojaza anga, na rafiki yake Peter Guthrie Tait akaanza kuyapanga. Dhana ya Kelvin ilianguka. Kazi ya Tait ilibaki.

Mpira wa kandanda, kaboni na virusi vinashirikiana nini?

Vinashirikiana nambari 12. Euler aligundua kwamba katika umbo lililofungwa kama tufe, vipeo kutoa kingo kujumlisha nyuso ni 2 daima. Chukua umbo lililoundwa kwa pembetano na pembesita tu, ambalo katika kila kipeo hukutana nyuso tatu. Kila ukingo unashirikiwa na nyuso mbili na kila kipeo na nyuso tatu. Ukiandika hesabu hiyo, pembesita zote hujifuta zenyewe, na kinachobaki ni kwamba idadi ya pembetano ikigawanywa kwa 6 lazima iwe 2. Pembetano ni 12, si zaidi wala pungufu, hata pembesita ziwe ngapi.

Mpira wa zamani wa vipande vyeusi na vyeupe una pembetano 12 nyeusi na pembesita 20 nyeupe. Mwaka 1985 Harold Kroto, Robert Curl na Richard Smalley waligundua molekuli ya atomu 60 za kaboni yenye umbo hilohilo, na mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwaka 1962 Donald Caspar na Aaron Klug walikuwa wameeleza jinsi maganda ya virusi vingi yanavyojengwa kwa mpango wa aina hii. Ganda la ndani la virusi vya UKIMWI si la mviringo, ni kama koni, na bado lina pembetano 12: saba upande mpana na tano upande mwembamba. Dawa ya lenacapavir hufanya kazi kwa kulishika ganda hilo na kuvuruga kujengwa na kufunguka kwake.

Pwani yetu imewahi kuchangia lolote katika sayansi ya maumbo ya anga?

Imechangia, na wengi hawajui. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua chanzo kiitwacho Cygnus X-1, ambacho kilikuwa cha kwanza kukubaliwa na wengi kuwa na shimo jeusi.

Shimo jeusi ni jambo la jiometri. Bernhard Riemann alieleza mwaka 1854 jinsi mpindo unavyoweza kuelezwa katika nafasi ya vipimo vingi, na mwaka 1915 Albert Einstein aliitumia lugha hiyo kusema kwamba mvutano ni mpindo wa nafasi na wakati. Wengi walidhani mashimo meusi yanatokea tu katika milinganyo ya nyota za mviringo kamili. Mwaka 1965 Roger Penrose alitumia topolojia kuonyesha kwamba mviringo kamili hauhitajiki: mvutano ukishafikia kiwango ambacho hata mwanga unaoelekea nje unarudishwa ndani, kuporomoka hakuzuiliki. Alipewa Nobel mwaka 2020.

Mpindo huohuo umo katika simu yako. Saa za setilaiti za GPS hutangulia saa za ardhini kwa takriban sehemu 38 kwa milioni za sekunde kila siku, na kama tofauti hiyo isingesahihishwa, makosa ya mahali yangeongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku.

Na umeme?

Mwaka 1980 Klaus von Klitzing aliona kwamba, katika tabaka jembamba lililopozwa sana ndani ya usumaku mkali, ukinzani wa umeme hupanda kwa ngazi, na kila ngazi ni omu 25,812.807 zikigawanywa kwa nambari kamili, iwe vumbi lipo au kipande kimekatwa vibaya. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake walieleza kwamba nambari hiyo ni ya topolojia, na Nobel ya Fizikia ya 2016 ilitolewa kwake pamoja na Duncan Haldane na Michael Kosterlitz kwa kazi za aina hii.

Je, data nazo zina umbo?

Zina. Njia moja ni kuzungushia kila nukta ya data tufe dogo, kuyakuza matufe yote pamoja, na kuangalia ni matundu gani yanayodumu kwa muda mrefu kabla ya kuzibwa. Tundu la bahati nasibu hufa haraka. Mwaka 2022 njia hii ilitumika kuchunguza chembe za ubongo wa panya zinazohesabu mahali, zile zilizogunduliwa na May-Britt Moser na Edvard Moser mwaka 2005, na ikaonekana kwamba mwenendo wa pamoja wa chembe hizo una umbo la uso wa tyubu ya baiskeli. Kwa maoni yangu fani hii ndiyo inayomfaa zaidi kijana wa leo, kwa kuwa inahitaji kompyuta ya kawaida na akili iliyozoea kuthibitisha, wala haihitaji maabara ya gharama.

Mwanafunzi wa sekondari aanzie wapi?

Aanze na somo la longitudo na latitudo, ambalo wengi hulikariri kwa ajili ya mtihani tu. Achukue chungwa na achore juu yake ikweta, kisha meridiani mbili zinazopishana kwa digrii 90 na kukutana kwenye ncha. Apime pembe tatu za pembetatu hiyo: kila moja ni digrii 90 na jumla ni 270. Ziada ya digrii 90 juu ya zile 180 alizozizoea inakwenda sambamba na eneo alilolizungushia, ambalo ni sehemu moja kwa nane ya ganda zima. Kisha achore pembetatu yenye nusu ya eneo hilo, kwa kuigawa ile ya kwanza katikati kutoka nchani hadi ikweta, aipime tena, na atakuta ziada imeshuka hadi 45.